Kuhariri faili za seva ya mbali wakati mtandao unayumba: nilivyofanya

Seva ninazozitunza ziko Frankfurt, mimi niko Kasarani. Ukiingia kwa ssh (njia salama ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa amri) na kufungua edita, yaani programu ya kuandikia, kule kule, kila herufi unayobonyeza inavuka bahari hadi Ujerumani, na seva lazima iirudishe ndipo uione kwenye skrini. Faiba ikiwa nzima, mtu huzoea. Shida ni stima ikipotea: ruta inazima, unabaki na hotspoti ya simu, na unaweza kumaliza neno zima kabla herufi yake ya kwanza haijatokea. Ukibonyeza kufuta mara moja ya ziada, nukta-mkato imeliwa na nginx, programu inayohudumia tovuti, inakataa kuwaka.

Nilichotaka ni kitu kimoja: edita ikae kwangu, faili tu ndilo lisafiri.

Wenzangu wengi wanatumia VS Code na kiongezi chake cha SSH. Kizuri, ila kinaweka programu yake upande wa seva, na maelezo yake rasmi yanataka RAM ya angalau GB 1, huku GB 2 ndiyo inayopendekezwa. Seva yangu ndogo ina MB 512, kwa hiyo sikujisumbua. Sshfs, inayoonyesha folda ya mbali kana kwamba iko kwenye laptopu yako, niliitumia kwa muda. Mtandao ukikatika ghafla, kila programu iliyogusa folda ile inaganda nayo.

Nikahamia Tramp, ambayo huja ndani ya edita iitwayo Emacs. Unafungua faili kama kawaida, C-x C-f (C ni Ctrl), halafu badala ya njia ya kwenye mashine yako unaandika /ssh:mimi@duka:/var/www/index.php, ambapo mimi ni jina la mtumiaji na duka ni jina la seva. Faili linapita ndani ya muunganisho wa ssh na kutua kwenye edita yako. Kuandika ni papo hapo, kwa kuwa maandishi yako kwako. Kinachosubiri mtandao ni kufungua na kuhifadhi tu. Na ukikatikiwa katikati, maandishi hayaendi popote. Unangoja laini irudi, unahifadhi tena.

Usiku mmoja wa Januari, mtaa mzima giza, mama mmoja ninayemtunzia tovuti ya duka la sare za shule alinipigia. "Kijana wangu, wazazi wanasema picha za risiti zinakataa kuingia."

"Wanaona nini, mama?"

"Namba tu. 413."

Hiyo ni nginx kusema mzigo umezidi kipimo. Usipoiambia vingine, kikomo chake ni MB 1, na picha ya simu za siku hizi huvuka hapo bila jasho. Faili lenyewe la mipangilio ni la root, mtumiaji mkuu wa seva, kwa hiyo njia ikawa /ssh:mimi@duka|sudo:root@duka:/etc/nginx/nginx.conf. Hicho kistari cha wima ndicho ninachokipenda kuliko vyote: unaingia kama mtumiaji wa kawaida, kisha unapanda hadi root ukiwa humo humo. Nikaongeza client_max_body_size 8m, nikahifadhi. Kisha M-! (M ni Alt), ya kuendesha amri, na nginx -t, ya kukagua mipangilio. Amri ikiitwa kutoka kwenye faili la mbali huendeshwa kule kule, kwa hiyo sikuhitaji terminali nyingine. Ikajibu sawa, nikafuatisha systemctl reload nginx ili isome mipangilio mipya. Mama alikuwa bado hajakata simu.

Haikuwa laini hivyo tangu mwanzo. Seva moja ilikuwa inakwama kila mara kwenye ujumbe wa kusubiri prompti. Kumbe Tramp husoma prompti (alama ya kungoja amri) ya shell, programu inayopokea amri, ili ijue amri imeisha, na mwenye seva alikuwa ameipamba shell yake, zsh, kwa rangi na vishale. Dawa ni mstari mmoja juu kabisa ya .zshrc, faili la mipangilio ya zsh: [[ $TERM == "dumb" ]] && unsetopt zle && PS1='$ ' && return. Tramp hujitambulisha kama terminali "dumb", kwa hiyo mapambo ya binadamu hayaguswi.

Kwenye ~/.ssh/config, faili la mipangilio ya ssh kwenye laptopu yangu, nimeweka ControlMaster auto, ControlPath na ControlPersist 10m, ili muunganisho mmoja utumiwe na wote badala ya kusalimiana upya kila mara. Emacs nayo ina mpangilio wake wa jambo hili, hivyo niliuzima kwa kuweka tramp-use-ssh-controlmaster-options kuwa nil. Kuanzia Emacs 30 jina limekuwa tramp-use-connection-share.

Lakini kushirikiana huko kuna gharama yake hapa kwetu. Ukihama kutoka faiba kwenda hotspoti, muunganisho wa zamani umekufa ila ssh bado inauamini, na kila kitu kinaning'inia. Ndiyo maana nina ServerAliveInterval 15 na ServerAliveCountMax 3: baada ya sekunde 45 hivi bila jibu, inaachilia yenyewe. Nisipotaka kungoja, naufunga mwenyewe kwa ssh -O exit duka, kisha M-x tramp-cleanup-all-connections.

Logi, yaani kumbukumbu za seva, sizileti huku. Kuvuta faili la mamia ya MB kwa bando la simu ni kuchoma pesa. Hizo naingia kwa ssh, nafungua tmux, ambayo huweka kazi hai hata laini ikikatika, na kuzisoma kwa less, programu ya kusomea maandishi, huko huko ziliko.