Pikipiki Uchi ya Mkono wa Pili: Nilivyoinunua Street Triple ya 2017

Nilipofika kwa muuzaji wa kwanza, nje kidogo ya mji wa Derby, nilimsalimu kama nilivyolelewa Tanga, kisha kabla hata ya kutazama rangi nikavua glovu, nikachuchumaa na kuweka kiganja juu ya kava la injini. Lilikuwa la moto. Siku iliyotangulia nilikuwa nimemwomba kwa simu asiiwashe mpaka nifike, naye alikubali bila kusita, kwa hiyo joto lile lilinipa habari mbili kwa mpigo: kwamba huenda injini husumbua inapowashwa ikiwa baridi, na kwamba ahadi ya bwana yule haimalizi usiku mmoja. Jambo hili la kugusa injini nilifundishwa na mzee mmoja wa Mombasa, fundi wa zamani ambaye ameishi Leicester kwa miaka mingi kuliko umri wangu. "Mwanangu," aliniambia nilipomweleza nia yangu, "kwanza gusa injini, salamu baadaye." Nilimjibu kwamba hilo la salamu baadaye litanishinda, akacheka.

Niliyokuwa naitafuta ni pikipiki ya aina ambayo Waingereza huiita ya uchi, kwa kuwa haina yale mabodi ya plastiki yanayofunika mbavu za pikipiki za mashindano. Injini, fremu, rejeta na mabomba vyote viko wazi, usukani ni mpana na umeinuka, na mwendeshaji hukaa wima, akipigwa na upepo kifuani. Ducati walitoa Monster mwaka 1993, Triumph wakafuata na Speed Triple mwaka 1994, lakini hapa Uingereza kulikuwa pia na vijana waliokuwa wakiangusha pikipiki zao za mashindano, wakakuta bei ya plastiki mpya haishikiki, wakayatupa mabaki, wakafunga usukani ulioinuka na kuendelea na safari. Kwa maana hiyo, sehemu ya nasaba ya pikipiki hizi ni ajali.

Nasaba hiyo ndiyo iliyonifanya nitilie shaka maneno niliyoyasikia kila mahali, kwamba pikipiki uchi haina cha kuficha. Ni kweli kwamba ukiitazama unaona uvujaji wa oili, unaona kutu, unaona bolti iliyoliwa na spana isiyo saizi yake. Lakini pikipiki yenye mabodi ikianguka hata imesimama, plastiki yake hupasuka na mwenyewe huingia gharama kubwa au huacha ufa uonekane, ilhali ile ya uchi ikilala chini inahitaji mkono wa breki, kioo kimoja, indiketa moja na pengine usukani, vitu ambavyo mtu huviagiza Jumatatu na kuvifunga Jumamosi. Jumapili inapigwa picha kwa ajili ya tangazo. Kwa hiyo aina hii, kuliko nyingine, hudai mnunuzi aangalie vile vitu ambavyo hakuna anayejisumbua kuvibadilisha.

Kabla sijaendelea, niseme kwa nini nilichagua Street Triple RS ya Triumph. Injini yake ya silinda tatu ina ujazo wa sentimita za ujazo 765, na hutoa nguvu za farasi 123 kwenye mwili ambao, bila mafuta wala vimiminika vingine, una uzito wa kilo 166. Boxer 150 ya baba mdogo, ambayo ndiyo niliyojifunzia kuendesha kwenye barabara za Tanga, ina nguvu za farasi kama 12. Tofauti hiyo haieleweki kwa kuisoma. Inaeleweka siku unapofungua gesi kwa mazoea ya Boxer. Aidha, toleo la RS lilitoka kiwandani na breki za Brembo na shokapu ya nyuma ya Öhlins, vitu ambavyo ukitaka kuviongeza baadaye kwenye pikipiki ya kawaida vitakula akiba yote. Na ninakiri kwamba kuishi mwendo mfupi kutoka Hinckley, makao makuu ya Triumph, kulinitia wazimu kidogo.

Vijana kadhaa wameniuliza kama wanaweza kuipunguza nguvu na kuiendesha kwa leseni ya A2. Hawawezi. Leseni hiyo inaruhusu kilowati 35, na pikipiki inayopunguzwa nguvu haitakiwi kuwa imezidi kilowati 70 katika hali yake ya asili, wakati hii ina kama 90. Inahitajika leseni kamili ya A, ambayo hupatikana moja kwa moja ukiwa na miaka 24, au 21 ikiwa umekaa na A2 kwa miaka miwili.

Karatasi nilizikagua nikiwa nyumbani, kwa sababu hazihitaji nauli. Kwa namba ya usajili peke yake, tovuti ya serikali huonyesha bure historia ya MOT, ule ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, yaani maili zilizosomwa kila mwaka pamoja na maonyo aliyoyaandika mkaguzi. Pikipiki ya 2017 huanza ukaguzi mwaka 2020, kwa hiyo miaka mitatu ya kwanza iko gizani, na hapo ndipo stakabadhi za sevisi zinapokuwa na thamani. Nililipa pia ada ndogo kuhakikisha kwamba haidaiwi mkopo, haijaripotiwa kuibwa, na haikuwahi kuandikwa na kampuni ya bima kwamba imeharibika; tangu Oktoba 2017 zile zinazoruhusiwa kurudi barabarani huwekwa katika kundi S, ambalo ni la uharibifu wa fremu au muundo wa chombo, au N, ambalo ni la uharibifu usiogusa muundo. Wengi hudhani kwamba V5C, ile kadi ya usajili, ni hati ya umiliki. Kadi yenyewe imeandikwa kwamba siyo.

Ile ya Derby ilikuwa safi katika karatasi zote. Ilikuwa safi pia kwa macho, imeoshwa na kung'arishwa mpaka chini ya tanki. Nilizungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, nikamulika kwa tochi ya simu chini ya shingo ya fremu, pale palipo na kichuma kidogo kinachozuia usukani usipite kiasi. Upande wa kushoto rangi ilikuwa kamili. Upande wa kulia kichuma kilikuwa kimebonyea, rangi imepasuka kuzunguka bonyeo kama ganda la yai, na chuma chenyewe kikiwa wazi. Nguvu za mikono pekee hazikibonyezi hivyo. Hubonyea pale tairi la mbele linapopigwa na kitu, au pikipiki inapojigeuza chini huku ikiburuzwa. Nikashuka kwenye bolti ya kumwagia oili, nikakuta kichwa chake kimetobolewa tundu jembamba la kupitisha waya, jambo ambalo hufanywa na watu wanaoingia kwenye viwanja vya mbio ili bolti isifunguke na kumwaga oili njiani. Kingo za tairi la mbele zilikuwa na vidonge vidogo vya mpira ulioyeyuka ukaganda, wakati tairi la nyuma lilikuwa jipya kabisa.

Kupelekwa kiwanjani si kosa, na wapo wanaotunza pikipiki zao za kiwanjani kuliko mimi ninavyotunza meno yangu. Kosa ni kuulizwa na kukana. Nilimuuliza kama iliwahi kuanguka au kuingia uwanjani, akasema haijawahi, imetumika kwenda kazini tu. Nikamshukuru, nikarudi stesheni.

Ya pili ilikuwa ya mama mmoja, mwalimu mstaafu, karibu na Loughborough, aliyeuza kwa sababu viganja vyake vilikuwa vimeanza kumuuma kwenye klachi. Injini ilikuwa baridi kama jiwe. Iliwaka kwa mara ya kwanza, ikanguruma juu kidogo kwa muda, kisha ikatulia bila kugonga. Nilipima betri kwa mita ya umeme kabla ya kuwasha, nikapata volti 12.6, na nilipopandisha mzunguko wa injini ikasoma 14.2, maana yake umeme ulikuwa unarudi kwenye betri inavyopaswa. Vichuma vya kuzuia usukani vilikuwa na rangi yake ya kiwandani pande zote mbili. Ncha ya kikanyagio cha kulia ilikuwa na mkwaruzo, na kabla sijafungua mdomo yeye mwenyewe akanionyesha, akanieleza kwamba iliangukia ukuta wa gereji akiwa anaisukuma, akanitolea na stakabadhi ya kioo alichobadilisha. Ubavuni mwa tairi la nyuma tarakimu zilisomeka 1121, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2021. Nikamwambia kwamba limezeeka, akapunguza pauni 150 bila mjadala.

Kuijaribu barabarani kuna desturi yake hapa. Lazima uwe na bima inayokuruhusu, na muuzaji mwenye akili hataki ahadi, anataka bei yote mkononi ndipo atoe ufunguo. Nilimwachia bahasha na mkoba wangu juu, nikaondoka kwa mwendo wa mtu anayekwenda msikitini. Kwenye barabara iliyonyooka nililegeza mikono kidogo na usukani haukuvuta upande wowote. Nilifunga breki ya mbele taratibu na mkono haukudundadunda, dalili kwamba diski hazijapinda. Tuliporudi mezani tulikubaliana pauni 5,900. Akajaza taarifa za DVLA, idara ya serikali ya usajili wa vyombo, kwenye intaneti mbele yangu, akanipa kipande cha kijani cha V5C, nami nikalipa kodi ya barabara kwa simu papo hapo, kwa sababu kodi haihami na chombo.

Kitu nilichokikosa kilikuwa nyuma ya injini, chini, mahali ambapo hata pikipiki uchi huvaa nguo. Baada ya wiki tatu niliona kwamba matuta madogo yananipiga mgongoni kana kwamba shokapu ya nyuma haipo. Mzee alikuja na stendi yake, tukainua tairi la nyuma, akalishika na kulipandisha kidogo kwa vidole. Likatoa mlio mdogo, tk, kabla shokapu haijaanza kusogea. Tulipofungua vyuma vinavyounganisha shokapu na mkono wa nyuma unaoshika tairi, bolti moja ilitoka kwa nyundo, na ndani ya beringi hapakuwa na grisi, palikuwa na unga wa kahawia. Halmashauri humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, tairi huirusha hukohuko, na yule mama, kwa nia njema kabisa, alikuwa akiiosha kwa mashine ya presha iliyosukuma grisi yote nje.

"Uligusa injini," mzee alisema, akinipa kitambaa, "lakini hukuinua mkia." Jaribio lile lingechukua nusu dakika. Beringi na pini zilinigharimu pauni 140 na jioni mbili.

Leo inasoma maili 11,340. Ikifika 12,000 inatakiwa kufunguliwa na kupimwa nafasi za valvu, kazi ambayo gereji nyingi hutoza pesa nyingi kwa sababu ni lazima tanki litoke na vitu vingi viondolewe kabla ya kulifikia kava la juu. Mzee amekwisha kuniambia nisilipe mtu. Ameniagiza nimtafutie seti mpya ya vibati vya kupimia nafasi hizo, kwa kuwa vyake vya Mombasa namba zimefutika.