Maua chini ya mpaina wangu

Huku Mufindi udongo wetu ni wa chai. Mvua nyingi huosha chokaa ya asili, tindikali ikabaki, na wenye mashamba hawana shida, maana chai hupenda pH (kipimo cha tindikali) ya 4.5 hadi 5.5. Anayeumiza kichwa ni mpenda maua, hasa akiwa na mpaina mkubwa uani kama mimi. Watu huzilaumu sindano zake, yaani majani yake membamba, eti ndizo zinazotia tindikali, wakati udongo ulikuwa hivi kabla mipaina haijaletwa huku. Ubaya wa mti ule ni kivuli na kiu: mizizi imetanda juujuu, inanyonya kila tone.

Nilishauriwa nimwage majivu au chokaa kupunguza tindikali, nikakataa. Hiyo ni kazi ya kurudia kila mara. Nikaona bora nitafute mimea inayoupenda udongo ulivyo.

Nilianza na haidrenjia. Kipandikizi alinipa jirani, ambaye yake imeegemea ukuta wa saruji na inachanua pinki. Kwangu ikatoa bluu iliyokolea. Alipokuja alilishika ua, akaligeuza nyuma na mbele: "Dada, hili umelipulizia rangi?" Kwenye tindikali alumini ya udongoni huyeyuka, mmea ukaifyonza na ua likawa bluu. Chokaa inayochuruzika kutoka kwenye saruji ndiyo inayoizuia kule kwake. Niliipanda upande wa mashariki ipate jua la asubuhi, na matawi ya chini ya mpaina nikayapunguza.

Kwenye kivuli kizito nimeweka klivia, ua la rangi ya machungwa lenye asili ya Afrika Kusini. Mizizi yake minene huvumilia ukavu. Impeshensi, ambayo ni ya misitu yetu hii hii ya Afrika Mashariki, inataka unyevu, basi nimeipa sehemu bomba la paa linapomwaga maji, pamoja na begonia. Kaladiamu ina majani mazuri mno, ila baridi ya Juni na Julai ya huku haiiwezi, nikaipita.

Jembe sikuligusa. Kwa kisu kikuukuu na vidole nilitafuta nafasi katikati ya mizizi, nikatia samadi iliyooza vizuri, kisha nikafunika kwa sindano hizo hizo zinazolaumiwa. Shinani sikurundika udongo, kwa sababu gome huoza.

Azalea nayo inapenda tindikali, lakini na wenye vitalu bado hatujaelewana bei.