Elfu thelathini kuonyeshwa kichuguu

Nianze na yule dogo wa bodaboda, maana mpaka leo ananiuma. Tulikubaliana elfu thelathini kutoka Kongwa mjini, mkoani Dodoma, kunipeleka, kunisubiri na kunirudisha. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya setilaiti: mistari mirefu ya udongo iliyopindapinda porini, na pembeni yake umbo la mraba, kama sanduku lililofutwa na kifutio kikabakiza alama. Akaitazama sekunde mbili. "Bosi, hapo napajua. Kaburi la Mjerumani." Tukala vumbi karibu saa nzima, kisha akazima pikipiki mbele ya kichuguu.

Kikubwa, sikatai. Kilinizidi kimo na mti umeota juu yake. Ubavuni watu walishachimba tundu la kuingia mtu mzima, wakitafuta zile rupia za Mjerumani ambazo kila mkoa wa nchi hii unaamini zimezikwa kwake. Nikagonga kwa funguo: kigumu kama saruji, rangi moja toka juu hadi chini, vitundu vya mchwa vimejaa. Nikazunguka nikitazama chini. Hakuna kigae, hakuna mkaa, hakuna hata kipande cha mfupa. Binadamu haishi mahali asidondoshe kitu.

"Dogo, hii ni nyumba ya mchwa."

"Sasa bosi, kwani wewe si unatafuta mali?"

Kumbe njia nzima alikuwa amembeba mchimba hazina. Asubuhi yake mwenyekiti wa kijiji naye alinishuku kuwa natafuta viwanja. Ilibidi nimwonyeshe kitambulisho na begi lisilo na kipimo chochote. Tangu serikali ihamie Dodoma, mgeni anayepiga picha ardhi tupu hana kundi la tatu la kuwekwa. Nikamweleza dogo kwamba sichimbi, na hata ningetaka, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu kufukua bila leseni. Akaitikia kama mtu anayesikiliza uongo wa kistaarabu.

Safari yenyewe toka Dar sina la kuisimulia. Treni, kisha basi, nikashuka Mbande, kigari mpaka Kongwa. Chumba elfu ishirini na tano, bomba linatoa upepo, ndoo ya maji nikaongezewa elfu moja.

Ile mistari tuliipata saa tano, jua limeshashika kazi. Nilikuwa nimewaambia marafiki zangu kwamba naenda kuona ngome ya kale. Sikujua nitajificha wapi. Kila tuta lilinifika chini ya goti, upande wa juu wa mteremko lina mfereji uliojaa mchanga, na mbele yake kuna jingine, na jingine tena. Nikatembea juu ya moja kama hatua mia mbili. Lilipinda kushoto, likapinda kulia, lakini miguu haikupanda wala kushuka. Hapo ngome yangu ikabomoka. Anayejikinga na adui hazungushi ukuta kwa kufuata usawa wa ardhi. Huyu alikuwa anazuia maji yasikimbie na udongo.

"Haya tunayaita matuta ya Mzungu," dogo akasema. Yaani alikuwa anayajua muda wote! Basi ni mradi wa karanga, sina shaka. Waingereza walianzia hapahapa Kongwa mwaka 1947, wakipanga kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa nchini, kwa matrekta na mabuldoza. Mvua zikawanyima, ardhi ikikauka inakuwa gumegume linalokula majembe, na kufika 1951 walikuwa wameshasalimu amri, paundi milioni 36 zimekwenda. Mimi niliyelia elfu thelathini nikajiona nina nafuu.

Likabaki sanduku. Kutoka chini halionekani. Ni nundu ndefu za udongo ambazo ungezipita ukidhani ni ardhi tu imevimba. Nikapanda juu ya mojawapo nikawa nahesabu hatua. Ishirini na mbili, kona. Nikageuka. Nilipofika kumi na nne, sauti ikapigwa kutoka kwenye minyaa:

"Wewe! Shuka kitandani kwa mama!"

Nikaruka chini. Akatokea bibi mwenye fimbo, mbuzi sita wanamtangulia. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Unatafuta nini chumbani kwetu?" Nikajaribu "mbukwenyi", ndiyo Kigogo changu chote, akacheka mpaka akaegemea fimbo.

Lilikuwa tembe la baba yake. Akanieleza kwa mikono, kama anayenisukia ukili: nguzo za panda, juu yake maboriti, juu ya maboriti fito, juu ya fito nyasi, halafu udongo. "Mwingi, hivi," akasimamisha kiganja kupima unene. Mwaka wa Operesheni Dodoma, 1971, alikuwa bado hajavunja ungo. Wakaambiwa wahamie kijijini. Baba akang'oa maboriti yote akaondoka nayo, boriti nzuri haliachwi, na paa likalala sakafuni. Kuta zikafuata na mvua za miaka, kidogo kidogo.

Nikaliona sasa. Pande nne za nundu ndizo vyumba vilivyozunguka ua. Katikati, nilipodhani ni tambarare tu, udongo ni mweusi na mlaini, unaingia kidole. "Zizi," bibi akasema. Mvua ikinyesha, nyasi za pale ndizo za kwanza kuwa kijani, na yeye kila mwaka hupanda maboga palepale. Karibu na kona alinionyesha jiwe la kusagia lililovunjika, limelika katikati kama kiganja kilichokunjwa. Akachuchumaa, akaweka mikono yote miwili, akasukuma mbele, akarudisha, akasukuma tena. Mtama haupo, lakini mabega yalikuwa yanakumbuka. Kisha akasimama akamfukuza mbuzi.

Nilikaa chini ya minyaa nikiwaza Muheza. Mwaka juzi mimi na kaka yangu tulikwenda kutafuta ilipokuwa nyumba ya bibi yetu. Nyumba ya fito, udongo na makuti. Tulibishana nusu saa chini ya mwembe, yeye akisema mlango ulitazama barabarani, mimi nikisema ulitazama kisimani. Hakuna nundu, hakuna kona ya kuhesabia hatua. Makuti yalioza, udongo wa ukutani ulikuwa haba, na jirani alishapitisha jembe akapanda mihogo. Mgogo alibeba udongo kichwani, nyumba yake ikifa inajizika yenyewe pale ilipo. Sisi tumebaki na mwembe, na mwembe wenyewe kaka anasema siyo ule.

Jua lilipoanza kulala nikaaga. "Toa hicho ulichoweka mfukoni," bibi akasema. Aliniona! Kilikuwa kigae cha chungu, kidogo kama jani la mchicha, kina mikwaruzo mitatu ya urembo. Nikamkabidhi. Hakukitazama, alikidondosha palepale karibu na jiwe. Nikataka kuvuka nundu niifuate pikipiki, akanizuia kwa fimbo.

"Kwetu hatuparamii ukuta. Mlango ule."

Akanyoosha fimbo upande wa pili, penye pengo la upana wa ng'ombe wawili. Nikazunguka zizi lote, nikatokea mlangoni. Dogo alikuwa anapiga honi. Akadai elfu tano ya kusubiri.