Kidonge cha 90

Leo alfajiri nimemeza kidonge cha 90, na hadi sasa sijui kama nilichokuwa nikimeza ni dawa au unga mtupu. Niko kwenye jaribio la dawa kwa wanaume wenye mbegu chache, na wanaonipa nao hawajui. Baadhi yetu tunapewa klomifeni, wengine kidonge kinachofanana nayo kwa kila kitu, na siri haitafunguliwa mpaka mshiriki wa mwisho amalize.

Klomifeni imezoeleka kwa wanawake, kupevusha mayai. Niliposikia hivyo nilinyamaza kidogo. Daktari akanieleza kwa utulivu: inauzuia ubongo usiihisi homoni ya estrojeni, nao ukidhani homoni zimepungua unaziamrisha korodani zifanye kazi zaidi. Nikamuuliza kwa nini nisidungwe testosteroni, homoni ya kiume, moja kwa moja. Akasema wanaume wengi hujiharibia hapo, kwani testosteroni ya kudungwa huufanya ubongo uone imetosha, amri inakatika, na mbegu zinapungua au zinakwisha kabisa. Moyo ulinipasuka. Mwaka jana nilikuwa karibu kabisa kuinunua.

Kabla ya kuanza nilipimwa manii mara mbili. Mara ya kwanza mbegu zilikuwa milioni 6 kwa mililita, wakati kiwango cha chini kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 ni milioni 16. Wiki chache baadaye zikawa milioni 9, na katikati hapo sikuwa nimemeza chochote! Nimeifikiria sana hiyo tofauti. Laiti ningekuwa nimekunywa mizizi ya mtu fulani wiki zile, ningeapa imenitibu, na ningewatuma wengine kwake. Tangu siku hiyo sina kinyongo na kidonge kitupu. Pasipo kundi hilo, nani angejua kilichopandisha idadi ni dawa au ni mwili tu na kupanda na kushuka kwake?

Nilimeza zinki na asidi ya foliki kwa muda mrefu, kwa imani kubwa. Kumbe mwaka 2020 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani lililohusisha jozi za wenzi zaidi ya 2,300: manii hayakuwa bora, na watoto waliozaliwa hawakuongezeka.

Siku 90 zenyewe hazikuchaguliwa ovyo. Mbegu moja huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, kisha inahitaji muda wa kukomaa njiani. Kwa hiyo zilizokuwa kwenye kikopo cha leo zilianza safari baada ya mimi kuanza vidonge. Nilikaa siku tatu bila tendo la ndoa, nikakibeba kikopo ndani ya shati kisipoe, nikafika maabara kabla saa nzima haijapita.

Mke wangu alipimwa miaka minne. Damu, picha za mirija, maumivu ambayo sikuyaona kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje, au sikwenda kabisa. Kipimo changu kilikuwa kikopo kimoja tu, nami nilikikwepa miaka yote hiyo. Nilimwomba radhi jana usiku. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Na ukija kuambiwa ulikuwa unameza unga?"

Nikamwambia nitaomba nianze na dawa yenyewe, kama itaonekana inafaa.

Majibu ya kikopo ni Alhamisi. Amesema tutakwenda wote wawili.