Siku moja maishani mwangu: chumba cha mazoezi, Kigoma

Saa 1:00 asubuhi. Bodaboda kutoka Mwanga hadi kazini. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Wengi huniita "dokta wa mazoezi", nimeshazoea.

Saa 2:00. Wagonjwa wawili wa kiharusi, kijana mmoja wa ajali ya pikipiki. Ya kila siku.

Saa 3:30. Anaingia mama anayeanika dagaa Kibirizi, bintiye kamshika mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Namwomba ainuke kitini bila kushika kitu. Anasukuma magoti kwa viganja, anakwama katikati. Kilemba hufungwa na binti, maana mikono haifiki kichwani. Lakini kikombe anakishika barabara, na ukimgusa vidole anahisi vizuri. Kope zina rangi ya zambarau, vifundo vya vidole vina magamba. Daktari ameshathibitisha: ni damatomayositisi, ugonjwa wa misuli na ngozi unaoletwa na kinga ya mwili yenyewe.

"Kwa hiyo nimepungukiwa kinga?"

Hapana, mama, kinga yako imekosea adui. Seli T saidizi na seli B, yaani askari wa kinga, zinajazana kando ya mishipa midogo ya damu ndani ya misuli, interferoni (kemikali ya tahadhari ya kinga) inazidi, na protini za kinga ziitwazo komplimenti zinaharibu kapilari, vile vimishipa vyembamba kabisa vya damu. Nyuzi za pembezoni mwa kila fungu la misuli zinasinyaa. Iko mayositisi nyingine, yaani uvimbe wa misuli wa aina nyingine, ambayo seli T za CD8, zile zinazoua, huingia zenyewe ndani ya uzi wa msuli ambao bado haujafa na kuutoboa kwa protini iitwayo perforini. Makrofaji, seli za kinga zinazomeza taka, hufuata kufagia mabaki, ingawa nazo huchochea moto wa uvimbe.

Anacheka: "Basi mbwa niliyemfuga ndiye anayening'ata."

Sikuweza kusema vizuri kuliko hapo.

Saa 7:00. Ugali wa muhogo na migebuka.

Saa 9:00. Mjomba wa binti kapiga simu, anataka dada yake, yaani mama huyu, alale tu mpaka apone. Hapo huwa sikubali. Prednisoloni, dawa ya steroidi anayotumia, hutuliza seli hizo za kinga, lakini ikitumika muda mrefu nayo hudhoofisha mapaja. Mazoezi mepesi yanayosimamiwa hayamdhuru. Na dawa asiikatishe ghafla: tezi za adreno, zilizo juu ya figo na zinazotengeneza homoni inayofanana na dawa hii, zimepunguza kazi, zinahitaji muda kuamka.

Saa 10:00. Naandika ratiba: kuinuka kitini kidogo kidogo, kuegemea ukuta na kupandisha mikono. Akipaliwa na chakula, arudi siku hiyohiyo. Kilichobaki ni jua, ambalo huamsha vipele vya ugonjwa huu, na dagaa haikauki kivulini. Tumekubaliana atandaze alfajiri juu ya kichanja cha usawa wa kiuno, avae mikono mirefu na kofia pana, kugeuza mchana afanye binti. Binti kanuna kidogo.