Nilivyouzunguka Ukuta wa Berlin kwa baskeli ya mtumba (na ushauri ulioniponza)

Kwanza yule jamaa aliyenambia "siku moja tu unamaliza, mbona kidogo", popote alipo namsalimia, na magoti yangu yanamsalimia. Njia ya kuuzunguka pale ulipopita ni kilomita 160 ati! Nilikuja kumbana baadae, kumbe yeye aliishia Checkpoint Charlie, lile lango la zamani la mpakani katikati ya mji, akapiga picha na kile kibanda, ambacho hata si cha zamani wamekijenga upya, akarudi zake nyumbani kula.

Mie mtoto wa Kikwajuni, Unguja, kwenye yale majumba ya Wajerumani. Mjomba wangu alikuwa saidia fundi wakati yanajengwa, na enzi zile Ujerumani ilikuwa nchi mbili, lakini kwake yeye Mjerumani ni mmoja tu, wa Mashariki. Zanzibar iliwatambua mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, wale wa Magharibi wakanuna, 1965 wakaondoa msaada wao wa kijeshi Tanzania, Mwalimu akawakatalia na ule uliobakia. Mjomba hiyo stori anaisimulia kama goli la dakika ya tisini. Sasa aliposikia nahamia Berlin akanambia, mwanangu, nipigie picha upande wetu. Nikamjibu inshaallah mjomba, nikidhani kazi ya nusu saa.

Upande gani sasa? Ukuta wenyewe umebomolewa karibu wote. Halafu sote wawili, nisijifanye mjuaji, tulikuwa tunajua ulikata mji katikati tu kama mstari wa chaki. Kumbe uliizunguka Berlin Magharibi yote, kilomita kama 155, maana baada ya Vita vya Pili vya Dunia Berlin nzima ilikuwa ndani ya eneo la Wasovieti, na mji wenyewe ukagawiwa mafungu manne, la Msovieti, la Mmarekani, la Muingereza na la Mfaransa, haya matatu ya mwisho yakawa kisiwa katikati ya Ujerumani Mashariki. Nikamueleza kwenye simu akakataa katakata. "Yaani anaekimbiwa anamzungushia ukuta anaekimbiliwa?" Ndo hivyo mjomba, watu wa Mashariki walishakimbia zaidi ya milioni mbili, usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1961 wakatandaza seng'enge. Akanambia nikajiangalizie vizuri.

Baskeli niliipata kwa yuro themanini na kitu, kufuli lake likanila karibu nusu ya hizo.

Siku ya kwanza nilianzia daraja la Bornholmer Straße, lango la mwanzo kufunguliwa usiku ule wa tarehe 9 Novemba 1989, alfajiri mapema, chupa ya chai mgongoni, najiona bingwa. Bernauer Straße nikapoteza saa nzima. Pale nyumba zilikuwa Mashariki lakini njia ya miguu mbele ya mlango ni Magharibi, yaani ukitoka kwenda dukani ushahama nchi. Milango ikazibwa, watu wakaruka madirishani, madirisha nayo yakajengewa matofali, wakaingia chini ya ardhi, na Oktoba 1964 watu 57 walipita kwenye handaki moja tu.

Balaa likaanzia hapo Checkpoint Charlie. Jamaa yule yule alishanambia, ukipotea angalia taa za waenda kwa miguu, ukimuona yule mtu wa taa amevaa kofia basi uko Mashariki. Zamani kweli alikuwa wa Mashariki. Lakini nchi ilipoungana watu walimpenda, wakamtia na taa za Magharibi, hilo halikunifikia. Basi naona kofia, nanyoosha, naona kofia nyengine, nanyoosha, nasema leo niko vizuri, mara mbele yangu uwanja mkubwa, watu wanarusha tiara juu ya njia ya ndege. Tempelhof, uwanja wa ndege wa zamani! Fungu la Mmarekani kabisa. Na hapo hapo katikati ya njia ya ndege cheni ikakatika, kap! Ingekuwa Darajani ningeshaitiwa mafundi watatu.

Nikakaa kwenye majani na chai yangu nikasoma vibao, kwa hasira tu. Juni 1948 Wasovieti walifunga barabara, reli na mifereji ya kuingilia Berlin Magharibi, watu zaidi ya milioni mbili ndani. Wamarekani na Waingereza wakaleta kila kitu kwa ndege, safari zaidi ya 270,000, na mzigo mkubwa kuliko yote haukuwa chakula, ulikuwa makaa ya mawe. Makaa kwa ndege! Sie meli ya unga ikichelewa siku tatu tu bei ishapanda. Mei 1949 Wasovieti wakafungua njia. Mie nikakokota baskeli mpaka stesheni, na jamani, baskeli inalipiwa tiketi yake kwenye treni, msije mkakamatwa.

Baada ya hapo nilimsahau mtu wa kofia. Mjini nilifuata ile mistari miwili ya mawe iliyolazwa chini pale ukuta ulipopita, na nikiyapoteza natafuta reli za tramu, maana Berlin Magharibi ilizifuta tramu zake 1967 na Mashariki wakabaki nazo. Siku hizi zimesogezwa kidogo Magharibi kwa hiyo msinilaumu. Nje ya mji naangalia miti, ule ukanda ulikuwa umefyekwa mweupe wapate shabaha, kwa hiyo ukiona misonobari na mibetula yote rika moja, michanga, jua unapita penyewe.

Imenichukua wikiendi nne. Steinstücken nitairudia, kijisehemu cha Magharibi kilichobaki peke yake ndani ya Mashariki, mpaka miaka ya 70 ndo wakapewa kijibarabara chenye ukuta huku na huku.

Picha ya mjomba niliipigia daraja la Glienicke, walipobadilishana Powers, rubani wa ndege ya kijasusi ya Kimarekani, na Abel, jasusi wa Wasovieti, Februari 1962. Nusu ya daraja ni rangi ya kijani hivi, nusu nyengine kijani tofauti, mpaka unauona kwa macho. Nikamtumia, nikamuandikia mjomba huo hapo upande wetu na upande wao.

Akapiga simu badala ya kujibu. "Mwanangu, mpaka gani, hao mafundi rangi hawakuchanganya ndoo moja."