Bima wanataka kumkatia binti yangu dawa inayomsaidia

Kila mwaka muda wa kuomba upya kibali cha bima ukifika huku Ohio presha inanipanda. Binti yangu ana Crohn's, ule ugonjwa wa utumbo kuvimba na kutoka vidonda, na dawa inayomtuliza ni vedolizumab, anawekewa kwa dripu kila baada ya wiki 8. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, waliipitisha 2014 kwa watu wazima tu, kwa hiyo alipoanzishiwa, kwenye makaratasi ya bima akahesabika yuko kwenye dawa isiyoidhinishwa kwa umri wake.

Dada zangu nyumbani waliposikia wakaja juu WhatsApp, mbona mnamjaribishia mtoto madawa? Sio hivyo jamani. Sheria ya Marekani inamruhusu daktari kumwandikia mtoto dawa iliyopitishwa kwa wakubwa, na kwa hawa watoto wa matumbo ni kitu cha kawaida kabisa maana utafiti wao unachelewa mno. Infliximab ilipita kwa wakubwa wenye Crohn's 1998, watoto wakaja kuipata 2006. Adalimumab wakubwa 2007, watoto 2014. Sasa mtoto ameanza kuumwa ana miaka 9 halafu umwambie asubiri miaka yote hiyo, si atakuwa ameshavunja ungo na kimo alichotakiwa kukipata ndo basi tena?

Kinachoniudhi, bima hata hawasemi dawa haifai. Wanasema arudi kwanza kwenye infliximab, wakati alishaitumia, ikamsaidia vizuri tu, halafu mwili ukatengeneza kingamwili za kuipiga vita. Na hizi dawa sio panadol useme leo naacha kesho nameza, ukikatakata dozi ndo unaufundisha mwili kuikataa, na hapo unakuwa umeichoma dawa moja wakati zenyewe zinahesabika. Kuna kipindi dripu ilichelewa sababu ya hizo barua zao, damu ikarudi chooni, akapewa prednisone, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, uso ukavimba mpaka akawa hataki kwenda shule. Prednisone hawajawahi kuikataa hata siku moja! Ni ya bei chee, na ndo hiyo hiyo inayodumaza watoto ikitumika muda mrefu.

Kwa wazazi mlioko huku, wakikataa msiishie kulia. Kata rufaa kwao kwanza, daktari aongee na daktari wao, wakigoma tena kuna sheria ya 2010 inayokupa haki ya kesi kwenda kwa mkaguzi wa nje, asiye wa kampuni, na huyo akisema apewe, wanatoa. Kama hali ni mbaya omba ya haraka, majibu ndani ya saa 72. Kwenye barua hiyo haki wameiandika huko chini kabisa, soma mpaka mwisho. Na ambatanisha chati ya urefu na uzito, mistari inaonyesha kabisa alivyosimama kukua kabla ya dawa na alivyopanda baada ya kuanza. Sisi rufaa tuliyoiweka hiyo chati ndo iliyopita. Ya mwaka huu nimeshaituma, na safari hii chati nimeiweka ukurasa wa kwanza.